Ngiri Inanisumbua

Jumatatu, 4 Juni 2001

Ngiri imekula viazi tena! Mstari mzima, kutoka kwa mpapai mpaka karibu na choo. Imepiga magoti ikala, kama watu wa kanisa wakipokea baraka. Niliiona na macho yangu nikiwa mlango wa choo, suruali mkononi. Haikukimbia. Iliniangalia vile nilivyo, ikaendelea kutafuna.

Mke wangu Mbeke alikuja akasimama katikati ya shamba, mikono kiunoni. Akasema viazi vikiguswa mara moja tena, shamba anamkodishia jirani yetu Ojwang, na sisi wawili tunahamia Nkoroi kwa kijana wetu Kitheka. Ghorofa ya tatu! Nianikwe kwa balkoni kama shuka. Na shamba ni lake, alilinunua na akina mama wa chama, kwa hivyo hakuna mahali pa kukata rufaa.

Ojwang alisikia yote akiwa upande wa pili wa ua. Akanisalimia vizuri sana, jaduong' hapa, jaduong' pale, ndio mzee kwa Kijaluo. Mtu akikusalimia vizuri hivyo, iko kitu. Juzi aliniuliza udongo wetu umeenda chini kiasi gani. Mtu mwema anataka kujua hiyo ya nini?

Nimepata mpango. Nimekusanya maganda yote ya jikoni, ya viazi na ya ndizi, nimeyamwaga kwa ua upande wa Ojwang. Ngiri ijue karamu iko kwa Ojwang. Akili ninayo!

Jumatano, 6 Juni

Mpango umeyumba kidogo. Ngiri imekuja, imemaliza maganda, halafu imepita chini ya ua ikaja kwangu kumalizia na viazi. Sasa ziko mbili. Hii ya pili imeitwa na Ojwang, sina shaka. Nimeongeza maganda, labda yalikuwa machache.

Kabla Mbeke aamke nimerudisha majani ya viazi kwa udongo, moja moja, nikayashindilia na kisigino. Ukisimama mbali shamba liko sawa kabisa.

Kisha nikavaa koti la harusi ya Kitheka nikaenda Nairobi kwa duka la bunduki. Dawa ya ngiri ni risasi, maneno mengine ni kupoteza wakati. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, miwani imefungwa kamba. Nikamwambia nataka bunduki ya kumaliza ngiri. Akanionyesha moja ya mitutu miwili, ile ya marisau, yaani inatema chembe nyingi mara moja. Akasema hiyo ni kumi na mbili. Kando yake kulikuwa na ingine nyembamba, akasema ni ishirini. Nikauliza kwa nini ananisukumia kumi na mbili na ishirini iko. Akasema kumi na mbili ndiyo kubwa.

Mimi huyu! Nilifika darasa la nne, na ishirini tuliivuka zamani. 

Akanipeleka kwa zile za risasi moja moja, za kupiga mbali. Akasema hii ni ishirini na mbili, ya sungura. Ile kubwa ni mia tatu sabini na tano, inaangusha nyati. Hapo hesabu ilikuwa sawa. Kwa hivyo upande huu wa duka ni mwaminifu, na upande ule ananiona mshamba. Watu wa hivyo ndio hatari, anakupa ukweli kidogo ulale.

Nikanyoosha mkono nishike. Akauliza cheti cha bunduki kiko wapi. Nikasema nimekisahau nyumbani. Akasema basi na mkono pia niusahau nyumbani.

Ijumaa, 8 Juni

Siku ya aibu. Naandika ili watoto wa Kitheka wajue babu yao aliteswa na serikali.

Nilienda polisi kuomba cheti. Kwa meza alikuwa sajini mgeni, ametoka Lamu. Kiswahili chake kinatoka mdomoni kama kimepigwa pasi. Nyuma yangu kwa foleni alikuwa Wilkister, bibi ya Ojwang, ati amepoteza kitambulisho. Apoteze siku hiyo hiyo yangu?

Sajini akauliza bunduki ni ya nini. Nikasema ngiri inanisumbua.

Uso wake ukalegea. Akanivutia kiti mwenyewe. Akauliza kwa huruma, tangu lini, mzee wangu? Nikasema tangu mvua ianze. Akauliza hutoka wakati gani. Nikasema asubuhi, nikishika jembe tu hiyo hapo, na jua likizama inarudi ndani yenyewe. Akasema ikiwa yarudi yenyewe kuna nafuu, hatari ni siku itakapokwama. Nikamwambia siku itakwama nitashukuru Mungu, nitaimaliza na panga.

Akafunga macho. Wilkister akatoka mbio, mkono mdomoni, kitambulisho akakisahau.

Sajini akaniomba nisijaribu mambo ya panga, tafadhali, wazee wamekufa hivyo. Akauliza ni upande gani, kulia au kushoto? Nikasema kushoto, upande wa Ojwang. Ojwang ni nani? Jirani, na naona yeye ndiye anailisha. Sajini akanywa maji. Akauliza kwani ni moja au zaidi. Nikasema kubwa mbili, na leo nimeona ndogo nne zikifuata nyuma, mkia juu.

Aliposikia mkia akaweka kalamu chini.

"Mzee, wewe wazungumzia mnyama?"

"Kwani wewe unaongea nini?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Wengine wakatoka ofisini kuuliza, akawaambia, nao wakashika ukuta. Halafu akanifundisha kama mtoto wa chekechea. Mnyama ni ngiri ananisumbua. Ukisema ngiri inanisumbua, huo ni ugonjwa wa kinena, utumbo kushuka, ile nyinyi wa bara mnaita hania. Nikaimbishwa mbele ya stesheni yote. Ngiri ananisumbua! Ngiri wananisumbua! Hata mahabusu waliitikia.

Cheti nikanyimwa. Akasema ngiri ni mnyama wa serikali, hauawi ovyo, niende nitafute mwenye bunduki ya halali na ruhusa ya kuwatisha tu.

Lakini ile somo imeingia. Sitakosea tena maishani. Ngiri A-NA-nisumbua.

Jumapili, 10 Juni

Wilkister hakungoja mwisho wa hadithi. Leo kanisani nimeombewa. Kwa jina! Mchungaji alisema tumkumbuke Mzee Muthama na ile sehemu yake. Akina mama wote wakageuka wakaniangalia, halafu wakaangalia chini, halafu wakaona chini ndio pabaya zaidi wakaangalia dari.

Nje Ojwang akanishika bega. Akasema, "Omera, ndugu yangu, usiinue kitu nzito. Hata mtungi wa maji niite." Nikajua. Anataka nizoee kukaa. Mtu akizoea kukaa, hata Nkoroi anapelekwa akiwa amekaa.

Mbeke amenibebea hata Biblia njia nzima. Tulipofika akanipa uji mwepesi badala ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Nikamweleza ilikuwa makosa ya lugha tu, mnyama na ugonjwa wana jina moja. Akasema, "Baba Kitheka, tumekaa na wewe miaka yote hiyo, uongo wako naujua kwa sauti ya viatu." Ameficha jembe.

Tukiwa kwa maombi, ngiri walikuja. Wamekula mistari miwili. Nimepanda tena majani, nimeyamwagia maji yaonekane yana afya. Maganda nimemwaga ndoo nzima. Lazima wamzoee Ojwang mwishowe.

Jumanne, 12 Juni

Nimempata mtu! Kisemei, anakaa njia ya Isinya, ng'ombe wengi na maneno machache. Yuko na bunduki ya halali ya kumi na mbili, anapiga kanga wakati wa ruhusa. Nilimsalimia kwa Kimaasai, sopa, akaitikia ipa, nikaanza kulia kabla hajanipa kiti. Alienda mwenyewe ofisi ya wanyama, akaruhusiwa apige hewani kuwafukuza. Wasiguswe.

Kwanza alitembea na ua wangu, akaangalia chini, akauliza nani anamwaga maganda hapa. Nikasema Ojwang. Akauliza kwa nini Ojwang amwage maganda akiwa amesimama upande wangu, mbona nyayo ni za viatu vyangu. Nikasema huyo mtu ni mjanja sana.

Akaniambia, "Muthama, wewe ulivunja mawe kwa machimbo mpaka ukazeeka. Machimbo ni pale. Jenga ukuta, hiyo maneno iishe." Nikamwambia mawe ni kazi, bunduki ni heshima. Akatema mate pembeni, kwa adabu.

Tukaenda Nairobi na cheti chake kununua risasi. Yule Mhindi akatoa kasha la namba nne. Kisemei akaitika kwa kichwa, ati hizo ndizo za kanga. Lakini mimi macho yangu yalikuwa juu, kwa rafu. Namba tano, namba sita, namba saba, na pale mwisho kabisa, kwa vumbi, namba tisa! Zimefichwa! Nikauliza mbona mzee mzima anauziwa namba nne na tisa iko. Mwenye duka akasema tisa ni za ndege wadogo wadogo, kwelea na wenzake. Nikamwambia ahsante, nimesikia, kumi na mbili ni kubwa kuliko ishirini, nne ni kubwa kuliko tisa, na kesho utaniambia kifaranga ni baba ya jogoo.

Wakaangaliana, Mhindi na Mmaasai. Ile kuangaliana ya watu wamekubaliana. Halafu Kisemei akacheka mpaka shuka ikamtoka begani, akasema kelele ni kelele, mpe mzee tisa yake.

Nimezibeba mimi mwenyewe njia yote. Ni nzito. Namba nne haiwezi kuwa nzito hivi.

Alhamisi, 14 Juni

Naandika nikiwa nyuma ya tangi la maji.

Kisemei alikuja asubuhi. Alitaka kusimama kwa mlango wangu ili ngiri wakishtuka wakimbie nje, upande wa mbugani. Nikakataa. Wanatoka kwa Ojwang, basi apige kutoka kwa Ojwang, hata Ojwang mwenyewe ashtuke kidogo. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema mpango ni wangu. Akapanda pale kwa rundo la maganda.

Ngiri wakaja, wawili wakubwa na wanne wadogo. Wakapiga magoti. Mbeke alikuwa jikoni. Nikamfanyia Kisemei ishara.

Akapiga hewani. Ngai! Nilifikiri dunia imepasuka. Ngiri wakaruka, na kwa kuwa mlio ulikuwa nyuma yao, wakakimbia mbele. Mbele ni wapi? Ni shamba langu! Lote! Walipita na viazi, wakapita na maharagwe, wakapita na kamba ya nguo, mmoja akaenda amevaa blauzi ya Mbeke ya chama. Akapiga ya pili. Wakageuka wakapita tena, wakachimba ile ilikuwa imebaki.

Na ile namba tisa yangu? Ilipanda juu, ikachoka, ikashuka kwa mabati ya Ojwang. Tsss, tsss, tsss. Wilkister akatoka akipiga kelele "Mvua! Mvua!" akaanza kuanua mahindi.

Kulipotulia Mbeke alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akaenda kwa yale majani mabichi yaliyobaki, yale nilipanda mwenyewe Jumapili. Akavuta moja. Likatoka peke yake, bila kiazi, bila mzizi, na alama ya kisigino changu juu. Akavuta la pili. Akavuta la tatu.

Hakusema kitu. Bora angesema.

Ijumaa, 15 Juni

Amesema. Ojwang amechukua shamba. Walimaliza mambo yao hapo hapo kwa ua, asubuhi, chai haijapoa. Tunahama mwezi ukiisha. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi, na nilisikia Ojwang akimwambia angependa mzee abaki awe anamwonyesha udongo. Mbeke akasema mzee akibaki, ngiri pia watabaki. Yaani anaona nina undugu nao!

Adhuhuri trekta ya machimbo ikamwaga mawe. Ojwang anajenga ukuta. Wazo la Kisemei! Wamekutana lini?

Kisemei alikuja kuniaga. Alipasua risasi moja ya namba tisa akanimwagia kiganjani. Ndogo kama wimbi! Halafu akapasua ya nne, yake mwenyewe ya kanga, ikatoka kama dengu. Akasema kwa risasi, namba ikipanda chembe inashuka. Na ule mtutu wa ishirini ni mwembamba kuliko wa kumi na mbili, kama Mhindi alivyosema.

Nimekaa nimefikiri mchana mzima. Sasa nimeshika siri yao. Kwa mambo ya bunduki, hesabu imepinduliwa makusudi ili mtu wa kawaida asijue. Ndogo ni kubwa, kubwa ni ndogo. Kwa hivyo ile ishirini na mbili, ile alisema ati ni ya sungura? Hiyo ndiyo ya nyati! Na mia tatu sabini na tano ndiyo ya sungura! Karibu anidanganye pande zote mbili. Nikirudi pale nitaomba ishirini na mbili bila kupepesa jicho, nione uso wake.

Jumatano, 20 Juni

Ukuta umefika kiunoni. Mbeke amefunga sufuria kwa gunia. Lazima nifanye kitu.

Mpango: nitoe mawe ya chini, hapo kwa kona, niache mlango wa ngiri. Wakila sukuma wiki ya Ojwang siku mbili tu, atalirudisha shamba akilia. Ojwang na Wilkister walipoenda matanga nikaingia kazini. Jiwe la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu nikaliinua, nikasikia kitu kimesema PWA! ndani ya suruali.

Nikafikiri ni kifungo. Sio kifungo. Kuna uvimbe hapa kwa kinena, saizi ya ngumi ya mtoto. Nikisimama unatoka. Nikilala chali unarudi.

Naujua huu. Sajini alinieleza wote.

Mbeke sitamwambia. Nilimwapia siumwi. Na kanisa lote litasema maombi yalichelewa.

Alhamisi, 21 Juni

Nimeenda hospitali moja huko Kajiado, mbali, nisionekane. Daktari ni msichana, anaweza kuwa mjukuu wangu. Sasa mtu anaonyesha vipi? Nikafunga koti vizuri, nikaamua kueleza na mdomo tu. Bahati nzuri nilikuwa nimefundishwa Kiswahili na polisi.

Nikasema, daktari, ngiri ananisumbua.

Akauliza yuko wapi. Nikasema hapa karibu sana. Akauliza anafanya nini. Nikasema anatoka asubuhi nikiinua mawe, na nikilala anarudi ndani. Akauliza amenijeruhi? Nikasema bado, lakini ananisukuma. Akaandika. Akasema pole sana babu, kisa kama hiki hospitali haikiwezi, niende ofisi ya wanyama wa pori, ni hapo mbele tu. Akaita mgonjwa mwingine.

Nimekaa kwa benchi ya nje nikachambua. Niliposema ngiri wa mnyama, polisi alitaka kunipeleka kwa daktari. Nimesema ngiri wa ugonjwa, daktari ananipeleka kwa wanyama. Hawa watu wako na simu. Wanarushiana mimi.

Ijumaa, 22 Juni

Nimeenda, nione mwisho wao. Ofisa wa wanyama ni kijana mpole, buti zinang'aa. Nikamwambia nimetumwa na hospitali, ngiri ananisumbua.

Akauliza wako wangapi. Nikasema huyu wangu ni mmoja tu. Akauliza ukubwa. Nikamwonyesha ngumi.

Akacheka. "Mzee, huyo ni mtoto kabisa! Mwache akue."

Nikauliza na akikua? Akasema akikua atatoka mwenyewe atafute wenzake. Akanionya nisimchome, nisimfunge kamba, nisimpige. Sheria inamlinda. Ni mali ya serikali, na kumhamisha kutoka mahali alipo bila kibali ni kesi. Nikamwomba aseme tena hiyo ya kuhamisha. Akasema tena, pole pole, akidhani sisikii vizuri.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Kwa ukuta nimekuta kona ile imezibwa na simiti. Nimemwaga maganda juu yake, ngiri wasipoteze njia.

Mbeke alikuwa amefunga kila kitu. Godoro, redio, hata mwiko. Akasema Kitheka ametuma gari, tunaenda Nkoroi kesho, hatungoji mwezi uishe, niingize viatu kwa mfuko.

Nikamwambia niko tayari kabisa, lakini kwanza aende Kajiado aniletee kibali. Mnyama wa serikali hahamishwi hivi hivi.